Neno la Kumsimamisha Mzee Kigen

Kwa watu wa mtaa wa Free Area, maziko hayajakamilika kama hayakupitia kwa Wamuyu. Kibanda chake kiko kati ya duka la dawa za mifugo na kinyozi, na kwa miaka kumi na minne amechapa humo vijitabu vya mazishi: picha mbele, nyimbo nyuma, na katikati maisha ya marehemu kwa Kiingereza, hata kama Kiingereza chote alichokijua marehemu kilikuwa cha kumfukuzia mbwa.

Ukimuuliza kazi yake, hatakuambia ni kuchapa. Atasema anawafunga watu kwa maneno madogo. Marehemu alikuwa "son of" fulani, "husband of" fulani, "brother-in-law to" fulani. Ana sheria yake mwenyewe: wa damu hupewa "of", waliokuja kwa ndoa hupewa "to". Hakuna kitabu chenye sheria hiyo, lakini kuna koo mbili za mtaa wa Section 58 zilizopatana kwa sababu yake. Kinachomchosha ni ubahili wa lugha yenyewe. Shemeji, wifi, mkwe, mama mkwe, wote Mwingereza kawatundika kwenye msumari mmoja wa "in-law", kama makoti ya mvua. Binamu wa kwa mama na wa kwa baba kawatia gunia moja na kulishona mdomo.

Watu hawachezi na orodha hiyo ya jamaa. Siku ya mazishi husomwa kwa kipaza sauti, na kila anayetajwa husimama aonekane. Asiyetajwa hubaki kwenye kiti cha plastiki, na walio karibu naye humtazama kama mtu aliyefuata harufu ya pilau.

Jumanne moja akaingia Mzee Kigen kutoka Ndabibi, koti kubwa, gambuti zenye tope la safari nzima. Alikuwa amesikia kwamba Kiarie angezikwa Ijumaa, na kwamba orodha ilikuwa imefungwa bila jina lake. Alimwomba Wamuyu jambo moja tu.

"Nataka nisimame."

Wamuyu akamuuliza alikuwa nani kwa marehemu. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwa miaka kumi na tisa, Kigen na Kiarie walikuwa wamepasua mbao pamoja kwa msumeno mmoja mrefu wa mikono. Gogo lililazwa juu ya shimo. Kiarie alisimama juu ya gogo, Kigen akashuka shimoni. Huyu anavuta juu, yule anavuta chini, mpaka jioni. Unga wote wa mbao ulimwangukia Kigen usoni. Kila asubuhi, kabla ya kuvuta msumeno mara ya kwanza, Kiarie aliinama akamwambia, funga macho.

"Basi nitaweka friend of," Wamuyu akasema.

"Friend ni wa kusalimiana sokoni, mathe. Huyu nimekula unga wake miaka kumi na tisa."

Akajaribu "colleague", mzee akasema hilo lina harufu ya chaki. Akajaribu "neighbour", mzee akamkumbusha kwamba Kiarie aliishi ng'ambo ya kilima, na mbwa wake hawakuwahi kumzoea.

Wakiwa hapo akafika Karanja, mwana wa kwanza wa marehemu, kukagua kijitabu. Alimsalimu mzee kwa mikono miwili, lakini uso wake ulikuwa mzito. Orodha ilipitishwa Jumapili, majina arobaini na matatu, na kila upande wa ukoo ulikuwa umehesabu wake. Ukiongeza mmoja leo, kesho watakuja kumi. Labda, akasema, aingie kimya kimya kama "uncle".

"Uncle wataniuliza siku ya mahari ya dada zako nilikaa wapi," Kigen akasema. "Mimi sikuwa kwa boma yenu, Karanja. Mimi nilikuwa chini yake."

Vidole vya Wamuyu vilisimama juu ya kibodi. Alikuwa amewafunga watu kwa damu, kwa kitanda, hata kwa kwaya. Kwa gogo, bado. Akachapa mstari mmoja, "Above Mzee Kigen, nineteen years", kisha akawaeleza kwa Kiswahili: juu ya Mzee Kigen, miaka kumi na tisa.

Karanja akajishika kichwa. Watu watasema baba alikuwa anakalia wenzake.

Kigen aliomba arudiwe. Akasikiliza macho yamefumbwa. "Hapo," akasema. "Ndipo alikuwa."

Karanja aliuinamia mstari ule. Utotoni alikuwa akitumwa na chai shimoni asubuhi, akimsikia baba yake akisema funga macho, na cha Kigen alichokiona kilikuwa mikono miwili tu, myeupe kwa unga, ikiinuka kupokea kikombe.

"Weka. Lakini iwe ya mwisho, na maandishi madogo."

Wamuyu aliuweka wa mwisho. Maandishi madogo akayasahau.

Huwa haendi kwenye mazishi ya wateja, maana angeishi makaburini. Ijumaa hiyo alienda, kuhakikisha mstari wake hautarukwa. Msomaji, mwalimu mkuu mstaafu, alipoufikia alivua miwani, akageuza ukurasa kuona kama kuna maneno yaliyoangukia nyuma, kisha akausoma kwa sauti ya mtu anayesoma kosa la mwenzake. Kigen alikuwa ameshasimama, peke yake, koti limefungwa vifungo vyote. Kijana mmoja nyuma akauliza, juu ya nini? Bibi aliyekuwa mbele yake akamjibu bila kugeuka: "Shimo, wewe."

Wakati wa kutupa udongo kaburini pia Kigen alikuwa wa mwisho. Alisimama ukingoni akatazama chini, polepole, kama fundi anayekagua. Maishani mwake hakuwahi kusimama upande huo.

"Leo ni mimi niko juu, Kiarie," akasema. Akafungua mkono kidogo, akaufunga tena.

"Funga macho."

Kisha akaachilia. Karanja alicheka mpaka dada yake akamshika mkono.