Gunia la karanga la shangazi

Leo nimeumbuka kijijini Ntalikwa, na nashukuru.

Shangazi alinifungia gunia la karanga. Nikakataa: "Shangazi, gari hili la milango miwili limeundwa jepesi ili likimbie."

Nikawasha gari, nikaondoka.

Mbele kidogo nikakwama mchangani. Tairi za nyuma zinazunguka bure, kompyuta ya gari inapunguza nguvu ya injini, mimi nimekodolea macho dashibodi.

Shangazi akaja anasukuma baiskeli, na lile gunia nyuma.

"Weka kwenye buti. Hata baiskeli yangu hapa huteleza ikikosa mzigo."

Nikaweka, nikakanyaga mafuta taratibu. Gari likatoka.

Nikataka kumrudishia gunia.

"Nenda nalo, baba. Mchanga haujaisha."

Nimeshafika mjini. Gunia sijalishusha.

Wewe ulifungiwa nini ukakataa?