Sauti Niliyoiweka Akiba

Binti wa kampuni ya simu aliniita mama. "Shikamoo mama, nikusaidie nini?" Mimi, mwalimu mstaafu mwenye ndevu, niliyefundisha madarasa ya watoto sabini bila kipaza sauti! Nikakata simu kwa hasira. Mke wangu, aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka barazani, akacheka mpaka akakohoa. "Pole, mama," akaniambia. Nilinuna, ingawa hospitali walishatuambia ini lake halitapona, na kicheko chake kilikuwa kimeadimika.

Hapa kwetu Msalato, msomaji wa wasifu wa marehemu nilikuwa mimi. Msiba ukitokea, kabla turubai halijafungwa sawasawa, mtu ameshatumwa kwangu na karatasi. Kuzaliwa, elimu, ndoa, watoto aliowaacha, kuugua, kufa. Nilisoma taratibu, na hata akina mama waliokuwa kwenye masufuria nyuma ya nyumba walinisikia. Desturi ni kwamba mfiwa hasomi, anakaa analia. Lakini mke wangu aliniapisha: "Watu wote hawa umewasomea wewe, halafu mimi nisomewe na mtu baki? Thubutu!" Nikaahidi.

Ndiyo maana ile "mama" ya kwenye simu ilinitia hofu. Sauti ilishakuwa nyembamba, inakwaruza, na ikifika jioni inakatika katikati ya sentensi. Nikaenda kwa daktari wa koo. Akapitisha kamera puani, akanionyesha nyuzi za sauti zilivyosinyaa kwa uzee. Nikitamka hazikutani, pumzi inavuja katikati. Akaniandikia mazoezi, akaniambia kila siku nisome kwa sauti. Nikaitikia, "Asante, daktari," huku moyoni nikimwona hajui kitu. Kilichochakaa unakitumiaje zaidi? Sisi watu wa nchi ya ukame, mtama ukipungua ghalani tunapunguza kula.

Nikanyamaza miezi minne. Salamu niliziitikia kwa kichwa. Mke wangu akiomba maji, naleta, naweka, nakaa. Akiuliza habari za shamba, nanyanyua kidole gumba. Mwanzoni alinitania kwamba ameolewa upya, na bubu. Baadaye akawa ananitazama tu.

Mchana mmoja, upepo ukipiga vumbi mabatini, akaniuliza, "Baba, una hasira na mimi kwa kuwa naumwa?" Nikatikisa kichwa. "Basi ongea nami. Chochote. Hata nigombeze." Nikagusa koo langu, nikamshika mkono. Nilitaka kumwambia kwamba sauti namtunzia yeye. Sikumwambia, niliona hata hilo ni kuipunguza bure. Mjinga mimi! Alifariki wiki hiyohiyo.

Siku ya mazishi nilisimama chini ya turubai, nikashika kipaza sauti, nikafungua kinywa. Ikatoka pumzi tupu. Nikajaribu tena, ukaja mlio mwembamba uliokatika hapohapo. Kule nyuma mtu akasema, "Ongezeni sauti, hatusikii!" Fundi akaongeza, spika zikapiga mluzi, watu wakaziba masikio. Sikuvuka mwaka wake wa kuzaliwa. Binti yetu akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaisoma mpaka mwisho, na aliisoma vizuri.

Baada ya arobaini nilirudi kwa daktari, nikamweleza nilivyofanya. "Mzee wangu," akasema, "sauti ya uzeeni ukiilaza ndiyo inazidi kunyong'onyea. Ungekuwa unaongea tu. Hata na mama nyumbani."

Sasa nafanya mazoezi yake. Asubuhi nakaa barazani, navuta pumzi, natoa "aaa" ndefu, kisha nasoma kwa sauti. Nasoma ileile karatasi ya wasifu wa mke wangu, kwa kuwa sina hamu ya kusoma kingine. Juzi jirani alisimama nje ya ua akanipongeza: "Mwalimu, sauti imerudi! Leo umesikika mpaka barabarani."

Nikamshukuru. Mkeka wa mke wangu bado upo palepale, hatua mbili kutoka kwenye kiti changu, na yeye alitaka nisikike mpaka hapo tu.