Jogoo wa Kamukuywa na Mishumaa ya Saa Kumi

Firigisi ya jogoo wa baba mkwe niliikatakata kwa mikono yangu mwenyewe, nikaichanganya na makombo ya mkate, nikamrudishia jogoo tumboni. Nalisema mapema kabla mtu mwingine hajalisema, maana kule Bungoma bado linasimuliwa, na wanaolisimulia huongeza chumvi ambayo mimi siku hiyo niliisahau.

Nilijua, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtoto wa darasa la kwanza upande ule anajua kwamba firigisi ni ya mzee wa nyumba. Haionjwi, haigawanywi, hata ikianguka kwenye majivu inaoshwa na kupelekwa mezani. Mimi nina cheti cha kidato cha nne, na wakati huo nilikuwa na miaka saba ya ndoa. Lakini wiki ile kichwa changu kilikuwa kimehamia kwenye televisheni, na nadhani hakikuacha hata anwani.

Kulikuwa na mchezo mmoja wa kigeni, wa kutafsiriwa, midomo inaenda huku na maneno yanaenda kule. Ulihusu familia ya zamani, zama za wanawake kuvaa glavu hadi jikoni. Kila jioni familia hiyo iliketi kwenye meza ndefu, mapazia yamefungwa, mishumaa imewaka, kuku mzima katikati, baba anakata, na watu wanatukanana kwa adabu. Niliupenda kupita kiasi. Mimi si mtu wa kutokatoka. Sokoni naenda kwa sababu sukuma wiki haijui kuja yenyewe. Hapo Kitale watu wa mtaa wetu walinijua kwa mkono tu, ule mkono wangu unaotoka dirishani kugeuza mlingoti wa antena.

Basi ujumbe ukaingia kwenye simu ya mume wangu, ile simu yake ya ukubwa wa mche wa sabuni: mzee anakuja Jumamosi kutoka Kamukuywa, pamoja na binti yake mkubwa. Hawakuwa wanakuja kusalimia. Walikuja kwa ajili ya binti yetu, aliyekuwa na miaka sita, kuamua kama atachukuliwa akalelewe na nyanya yake. Mtoto wa kwanza ni wa nyanya, walisema, ndivyo ilivyo tangu zamani. Na tena, huko Kitale mama yake anamfundisha nini zaidi ya televisheni? Hayo ya televisheni yalitoka kwa huyo binti, dada mkubwa wa mume wangu. Nilimuuliza mume wangu yeye anasemaje.

"Wacha wakuje kwanza," akasema.

Wacha wakuje kwanza! Miaka imepita, na nikiyakumbuka maneno hayo bado natafuta kitu cha kurusha.

Niliamua kuwapikia chakula cha kuwafunga midomo. Waone kwamba hii ni nyumba, si kiota cha kunguru. Waone mtoto anakulia penye meza na utaratibu. Jogoo alitangulia siku ya Ijumaa. Mzee alimtuma kwa mtu aliyekuwa anakuja mjini, amefungwa miguu, mwekundu, macho kama ya askari jela. Kwa hiyo hata uongo haukuwezekana: mwenye jogoo alimjua jogoo wake na vyote vilivyokuwa ndani yake.

Oveni sikuwa nayo. Jumamosi asubuhi niliazima sufuria kubwa kwa jirani yangu, mama mmoja anayeuza omena, dagaa wa ziwani, tuliyetenganishwa naye na ukuta wa mbao tu. Nikaweka mchanga chini na makaa juu ya kifuniko, kama tunavyooka keki. Akachungulia.

"Ni keki?"

"Ni jogoo."

"Jogoo wa kienyeji? Na hujamchemsha?"

"Kwa televisheni hawachemshi."

"Kwa televisheni wako na meno ya televisheni," akasema. "Lete huyo mtoto kwangu, utamchoma na makaa yako."

Nikamsukuma mtoto akaenda, nikashukuru kupata nafasi. Nikachuma majani ya rozmari ya kunukiza nyama kwenye ua wa watu. Nikaponda viazi, maana ile familia ya zamani haikuwahi kula ugali hata siku moja. Sikupika ugali. Wageni wanatoka Bungoma, na mimi sikupika ugali! Nikijiona sasa, natamani kumpiga kofi yule mwanamke aliyevaa aproni yangu.

Wageni walisema lazima warudi kabla ya giza. Lakini mishumaa inataka giza. Basi saa kumi mchana, jua likiwa linachoma mabati, nilifunga mapazia, nikaongeza mablanketi mawili juu yake, nikawasha mishumaa sita.

Mzee alifika akasimama mlangoni.

"Stima wamekata?"

"Hapana, baba, iko."

"Kuna maiti ndani?"

"Hapana, baba. Karibu kiti."

Aliingia akipapasa hewa kwa fimbo. Mtoto aliitwa, akasalimia, na dada mkubwa akamwambia arudi akacheze, watu wazima wana maneno. Niliwaketisha kwenye meza mbili zilizounganishwa kwa shuka la kitanda. Mimi nilibaki nimesimama, maana hata wazimu wangu ulikuwa na mpaka: mkaza mwana hali chakula mbele ya baba mkwe. Nikaleta jogoo mzima, mweusi upande mmoja, nikampa mzee kisu kama nilivyoona.

"Baba, kata."

Alikiangalia kisu. Akamgeuza jogoo huku na huku, kama mtu anayetafuta funguo.

"Filigisi iko wapi?"

Ndipo nikakumbuka, hapo hapo, mbele ya mishumaa sita.

"Iko ndani, baba."

"Ndani wapi?"

"Nimeikata. Iko na mkate."

Dada mkubwa akapiga makofi kwa kicheko. "Ati mkate! Mzee, si una bahati! Kisu kimekutafunia, wewe ni kumeza tu."

Mzee hakucheka. Aliweka kisu chini.

"Mimi nilifanya kazi ya jikoni hapa hapa Kitale, kwa shamba la mzungu," alisema. "Nilikuwa nabeba kuku namna hii, mzima, na mishumaa hivi hivi. Filigisi walikuwa wanapatia mbwa. Nasimama, naangalia mbwa akikula. Nikasema, siku nitapata nyumba yangu, hiyo kitu haitanipita tena." Akaniangalia. "Sasa imenipita kwa nyumba ya mtoto wangu."

Kama yule dada angenyamaza hapo, ningepiga magoti na kuomba msamaha, na labda mtoto angeondoka nao huku mimi nimeinamisha kichwa. Lakini hakuzaliwa na kipaji cha kunyamaza.

"Baba, tusipoteze wakati. Mtoto tunaenda naye leo. Hapa atakula nini bana, mishumaa?"

Akatoa kwenye kikapu chake mkoba mtupu wa kutilia nguo za mtoto, umekunjwa mara nne, safi. Nikauangalia ule mkoba. Kumbe uamuzi ulitoka Bungoma ukiwa tayari umepigwa pasi! Walikuja kula tu. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anabandua nta kwenye shuka kwa ukucha, kwa makini sana, kama fundi saa.

Sijui niliruka vipi. Nakumbuka nilivuta blanketi la kwanza na la pili, mapazia yakaja na waya wake, na jua likatumwagikia sote usoni.

"Firigisi ni yako, baba, na nimekosa," nikasema, na sauti haikuwa ya mkaza mwana. "Nitakuja Kamukuywa na jogoo mwingine, nimchinje ukiona, uhesabu kila kitu kinachotoka tumboni. Lakini mtoto si kipande cha kuku, apewe mtu kwa sababu ni mkubwa. Mtoto haendi."

"Unaongea na nani hivyo?" dada akauliza.

"Na wewe pia! Kunja mkoba wako, wifi. Si unajua kukunja?" Nikamgeukia mume wangu. "Na wewe ulisema wakuje kwanza. Haya, wamekuja. Sema!"

Akabandua nta kidogo tena.

"Mtoto abaki," akasema.

Aliuambia mshumaa, bila kumtazama baba yake. Hilo nalo lilinikasirisha, na linanikasirisha mpaka leo, lakini neno lenyewe nililichukua upesi kabla hajalirudisha mfukoni.

Mzee aliisogeza sahani ya jogoo karibu. Kisha akachota kidole kimoja cha ule mkate wenye firigisi yake, akatafuna, akatafuna.

"Hata chumvi hakuna," akasema. Akasimama, akachukua kofia. "Jumamosi ingine. Umlete mwenyewe huyo jogoo. Na mtoto mje naye, asalimie nyanya yake, mrudi naye."

Dada mkubwa aliurudisha mkoba kikapuni bila kuniangalia. Waliondoka, na mume wangu akawasindikiza hadi stendi, au akanikimbia hadi stendi, sijui.

Mimi nilikwenda kwa jirani, damu bado inachemka, nimchukue mtoto wangu niliyempigania. Nilimkuta amelala kwenye kochi, tonge la ugali mkononi, mdomo unanuka omena. Nikaanza kumsimulia jirani: mkoba, mishumaa, nilivyowaambia. Akainua mkono.

"Nimesikia yote, huo ukuta ni mbao. Umempigania mtoto vizuri sana, mama, lakini tangu chai ya asubuhi hukuwa umempatia kitu ya kula."