Baba wa Kukodi

Shughuli yote imenigharimu elfu hamsini na tatu, suti moja, na kaburi moja katika shamba langu la Kitui. Nimehesabu mara mbili, maana mara ya kwanza nilisahau mbuzi. Malipo niliyopokea yalikuwa elfu tatu na chakula cha mchana.

Mimi ni mwigizaji. Si yule anayebandikwa ukutani, mimi ni yule unayemwona ukasema, "Huyu nimemwona mahali." Nimekuwa chifu, pasta, askari wa zamu, na mwenye nyumba wa kutupa nje vitanda vya watu. Nimekufa mara nane, mbili kati ya hizo kabla mtazamaji hajakaa vizuri. Kwenye michezo ya vitabu vya mtihani tunayozungusha mashuleni, mimi huwa baba wa kila mtu. Nina uso wa baba. Hiyo si sifa, ni riziki.

Kijana mmoja fundi wa taa za filamu, aliyekuwa akiishi mtaa wa Kambi Muru, alinifuata siku moja tukikunja nyaya. Nyanyake aliyemlea alikuwa ameshafariki, na zaidi yake hakuwa na mtu. Alitaka kuoa binti wa mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha huko Kawangware.

"Buda, wanataka kuona baba yangu."

"Waambie alikufa."

"Wataitisha ami, halafu mjomba. Baba ni mmoja tu, ni bei rahisi."

"Baba wa siku nzima ni elfu tano."

"Mbili, na kuna chakula."

"Chakula ni cha wakwe, usinihesabie."

Tukashikana mikono kwa tatu. Msichana alijua mpango wetu. Babake hakujua.

Siku ya mahari nilivaa suti yangu ya kuigizia akina baba. Mwenye ploti alitaja mbuzi tisini na tisa, wale ambao siku hizi huja kwa simu, wakiwa pesa. Nikamuuliza watalala ghorofa ya ngapi. Wazee wakacheka, bei ikashuka. Nilikuwa nimenoga. Ndipo akauliza, polepole, "Na kwenu ni wapi hasa, mzee? Huyu kijana ana mahali?"

Hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Mwigizaji akikwama jukwaani hushika kitu anachokijua, nami nikashika kwangu. Nikaeleza ekari zangu mbili za Kitui, njia ya kufikia, mchanga wake mwekundu. Nikaona wananisikiliza vizuri, nikaongeza: "Upande wa chini, karibu na mto, ni wa huyu." Wazee wote wakaitikia kwa vichwa.

Mwaka uliofuata kijana alikuwa juu ya paa mtaani Makina, akifunga taa ya filamu nyingine. Bati lilikuwa limeoza. Mimi nilikuwa chini, nimevaa nguo za chifu, nangoja mwanga. Alifika hospitali akiwa hai. Jioni haikumkuta.

Mwenye ploti alinipigia simu kabla sijavua zile nguo.

"Pole, mzazi mwenzangu. Tunampeleka lini?"

"Mzee, huyu kijana..." nikaanza.

"Najua. Kuzika mtoto si mchezo. Sisi tutajaza basi. Wewe tayarisha pale chini, karibu na mto. Palepale ulisema."

Pale mochari nilimvuta msichana kando. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Nikamwambia nataka kusema ukweli.

"Ukimwambia, atasema niliolewa na nani?" akauliza. "Na huyu tumboni ni wa wapi? Wewe taja bei yako, baba. Nitatafuta."

Nilifungua mdomo kutaja bei, haikutoka.

Kijana alizikwa ndani ya ile suti. Mke wangu, anayekaa kule Kitui, nilikuwa nimemwambia kwamba ni mtu wa kazini asiye na kwao, na huo haukuwa uongo. Watu wa Kawangware walipoanza kumwita mama wa marehemu, alinitazama, akaketi chini. Wakadhani amezidiwa, wakamletea maji. Nami niliyewahi kulia kwenye makaburi mengi ya kuigiza, nilisimama pale nikashindwa hata kutaja jina la kijana. Basi lilikula mbuzi, likaondoka.

Mtoto alizaliwa wa kiume. Kwa desturi ya kwao msichana, wa kwanza hupewa jina la babu wa upande wa baba. Kwa hivyo kuna mtoto Kawangware anayeitwa mimi.

Sasa babu yake wa pili, mwenye ploti, amenipigia tena. Jumamosi anakuja Kitui na mpima ardhi, waweke alama upande wa chini kabla sisi wazee hatujafa. Mamake mtoto anaishi bure katika ploti ya mzee huyo, na siku atakayojua alikula mahari ya baba wa kukodi, sijui kama atamwacha aendelee kuishi humo. Wanangu wawili wa kuzaa wamesikia habari za mpima. Mkubwa aliniuliza, "Baba, na sisi pia ulituigiza?"

Nyinyi mliowahi kugawa shamba, nishaurini. Niweke alama niwanyang'anye wanangu, au nimwambie mzee ukweli palepale kwenye kaburi la yule kijana? Nijibuni kabla ya Jumamosi.