Siku Niliyoazimwa Kuwa Mume wa Mtu Kliniki

Sokoni Kamina kuna watu wakiniona wananiita "Bwana wa Kuazima" na kucheka mpaka wanashika mbavu, nami nacheka nao, kwa sababu jina hilo nililipata kwa haki, mchana kweupe, mbele ya wamama wenye mimba waliojaa mabenchi ya kituo kizima cha afya. Aibu ni yangu, na ni heri muisikie kutoka kwangu kuliko kwa Tantine Kabange, maana yeye kila akiisimulia anaongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa miguu isiyotulia. Shule niliiacha mapema, nikabeba samaki Bukama, nikauza makaa Luena, mwisho nikaangukia Kamina na pikipiki ya kupakia abiria, na hapo ndipo nilipompata Mado, mshona nguo, mtu wa kwanza kunifanya nitamani kukaa mahali pamoja. Posa ilikwisha kupelekwa. Shangazi yake, ndiye huyo Tantine Kabange, alikubali kwa shingo upande ("mutu hana mizizi, atatulisha nini?").

Sasa, kabla ya Mado, kule Bukama, niliwahi kutokwa na kidonda mahali ambapo mtu hamwonyeshi jirani. Hakikuuma, kikapotea chenyewe, nikamshukuru Mungu na kusahau. Lakini nina udadisi wa kupita kiasi, nasoma kila kilichobandikwa ukutani, hata tangazo la matanga ya mtu nisiyemjua, na siku moja nikingoja abiria nikasoma kwenye ukuta wa kituo cha afya kwamba kidonda cha namna ile kinaweza kuwa kaswende, kwamba kidonda hupotea lakini ugonjwa hubaki mwilini, ukamfikia mke, ukamfikia na mtoto tumboni. Nilisoma mara ya pili, nikidhani labda nimeruka neno. Sikuruka.

Nikaamua kupimwa. Huo ulikuwa uamuzi mzuri. Mbaya ni ule uliofuata: benchi la kupimia linatazama barabara, pale pale wenzangu wanapoegesha pikipiki, nikaona haya, nikazunguka nyuma kwenye benchi la wajawazito ningoje mpaka waondoke (nani atamshuku mwanaume aliyekaa katikati ya matumbo?).

Mama Georgine, muuguzi, alikuwa anawafundisha wamama kabla ya kuwapima, na mafundisho ya siku ile, nawaapia, yalikuwa juu ya magonjwa ya zinaa. Mwenye akili angeinamisha kichwa. Mimi nikainua mkono.

"Mama, na kama kidonda kimepotea chenyewe, bila dawa?"

Vichwa vyote vikageuka.

"Kidonda kupotea haiko kupona, papa," akajibu. "Swali ni nzuri. Na weye ulimusindikiza nani?"

Ghafla mkono ukanikamata kiwiko. Alikuwa mwanamke aliyekaa karibu nami, Ngoie, tumbo limemtangulia. "Minyi, mimi hapa," akasema kwa sauti. "Njo huyu bwana yangu." Kisha akaninong'oneza: "Nyamaza, papa. Wangu iko kazini kwa treni. Hapa mwenye kuya na bwana banamuingiza wa kwanza, na mugongo inaniua."

Ni kweli, ndiyo desturi ya kituo kile, ili wanaume wapende kuja. Wamama wakanipigia makofi. "Muangalie mwanaume!" Nikasimama kama askofu, nikapunga mkono (hili silisamehe mpaka leo, kupunga mkono kulitoka wapi?), na hapo nikaona kwenye benchi la mwisho mtu mmoja asiyepiga makofi, aliyemleta mke wa mtoto wake, na simu iko sikioni tayari. Tantine Kabange.

Ndani, Mama Georgine aliniuliza kama nataka kupimwa mimi pia. Kama nataka! Akanichoma kidoleni, na mimi nikajiambia kwamba nimepata nilichokuja kutafuta, kwa heshima, na makofi juu yake. Baadaye akanivuta pembeni peke yangu, akasema polepole: virusi vya UKIMWI hakuna, ila nirudi baada ya miezi mitatu kuhakikisha, kaswende ipo, inapona kabisa, ni sindano. Sikuanguka. Kusema kweli nilipumua, kwa sababu kitu chenye jina kina dawa pia.

"Na bibi tutamuchoma sindano sasa hivi," akaendelea, akitengeneza bomba. "Hata kipimo yake ikiwa safi. Mwenye kulala na mugonjwa, hatumuachake. Na mutoto iko tumboni."

Nikamtazama Ngoie upande ule wa chumba, amekaa na raha zake, hajui lolote. Hapo nikaelewa kwamba uwongo wangu ulikuwa unakwenda kumchoma mama wa watu bure, na kwamba Mado, mwenye kuihitaji sindano, hakuna aliyejua hata kama yupo.

"Hapana!" nikapiga kelele. "Haiko bibi yangu!"

Dirisha lilikuwa wazi. Mabenchi yote yakasema "Eeeh!" kwa pamoja.

Mama Georgine akaweka bomba chini. "Basi bibi yako wa kweli, kamulete."

Sikuhitaji kwenda mbali. Nilipofungua mlango Mado alikuwa amesimama pale, utepe wa kupimia nguo bado shingoni, anahema, na nyuma yake Tantine anapiga kelele: "Njo huyu! Iko na nyumba ingine, na mimba ya kujaa!"

"Minyi nilimuazima tu, bamama!" Ngoie akalia nyuma yangu. "Mugongo ilikuwa inaniua!"

"Bwana banaazimaka kama sinia?" Tantine akauliza, na watu wakaanguka kwa kicheko. Mado peke yake hakucheka.

"Sasa ulikuya kutafuta nini hapa?" akaniuliza.

Ningeweza kupata uwongo mwingine, sikosi. Lakini niliona uso wake, nikajua nikiongeza mmoja tu nitampoteza.

"Nilikuya kupima magonjwa ya zinaa," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Niliona haya kwa benchi yenyewe, nikajificha kwa bamama. Mado, sitaki kukuoa na siri mu damu."

Mama mmoja akasema, "Wangu, ukimutajia tu kipimo, anakimbia kama mbuzi imeona mvua," na makofi yakaanza upya, safari hii ya kweli. Hata Tantine akatia simu yake mfukoni: "Eh. Mizizi hana, lakini roho iko nayo."

Nikamvuta Mado pembeni, nikamwambia yaliyobaki, kwa sauti ya chini.

"Ni ya mbele yangu ao ya nyuma yangu?"

"Ya mbele. Bukama, kabla ya kukujua."

Akavua utepe, akampa shangazi yake, akaenda mpaka benchi la barabarani, akakaa katikati kabisa. "Unangoja nini? Kuya." Nikakaa naye, wenzangu wakapiga honi zote za Kamina, na hakuna aliyekufa. Kipimo chake kilionyesha kaswende naye. Tulichomwa wote wawili, tukatoka tunachechemea, tumeshikana mikono, na amri ya kutokutana kimwili mpaka matibabu yaishe na kondomu nyumbani mpaka kipimo cha virusi cha miezi mitatu. Kilitoka safi. Tumeoana.

Bwana wa kweli wa Ngoie aliporudi na treni alinitafuta mji mzima. Alipotokea mbele yangu, mabega kama mlango, niliwasha pikipiki nikimbie, lakini akashika usukani, akaangalia kushoto na kulia.

"Kaka," akasema, "pale banapimaka ni wapi?"

Nilimpakia, nikakaa naye benchini mpaka akaitwa. Na nimeapa: nitasindikiza mtu yeyote, saa yoyote, lakini kuazimwa na mke wa mtu, hata mgongo umuue, hapana tena.