Usiinue Mkono, Zuena

Bi Kijakazi wa Ndagoni alikuwa na macho mawili kama sisi sote, ila la kulia lilikuwa la kuangalia na la kushoto la kushuku. Alimshuku mnunuzi wa mwani na mizani yake. Alimshuku hata jirani aliyemletea futari ilhali hajamwomba. Msimcheke. Mwanamke aliyezika mume na wana wawili, akailea nyumba kwa kamba za mwani, huwezi kumwambia kila kinachokuja ni cha kheri naye akaitikia tu.

Aliishi na mwanawe Shamte na mjukuu wake Zuena, binti wa Shamte wa miaka saba, ambaye mama yake alikuwa ameolewa upya Kirongwe. Na ndani ya ghala, nyuma ya magunia ya nazi, mlikuwa na juya la Shamte, wavu mrefu wa kukokota unaozoa samaki na watoto wa samaki pamoja. Hifadhi ya Bahari ilikuwa imekwisha kulipiga marufuku. Shamte alishakamatwa nalo mara moja, akaonywa kuwa mara ya pili ni mahakamani na jela. Akaapa kuwa ameacha. Juya hakulitoa.

Mwaka huo darasa la kwanza lilipata mwalimu mpya, Cresensia, mwenyeji wa Bukoba. Alikuwa na mambo yake. Watoto waliandika kwanza hewani kwa mkono mzima, kisha mchangani kwa kidole, ndipo wakashika chaki. Na hakutaka herufi zisimame mbalimbali, alitaka ziungane, neno zima litoke kwa mkono mmoja. Kila mtoto alimtajia vitu vya kwao, naye akamwandikia kila jina kwenye kikaratasi. Kazi ya nyumbani ikawa kunakili jina la kitu juu ya kitu chenyewe, ili herufi zionwe kila siku mpaka zizoeleke.

Bi Kijakazi alilipenda jambo hilo, na si kawaida yake kupenda. Yeye hakusoma shule. Alisoma chuo cha Kurani, na mpaka leo barua zake anaandika kwa herufi za Kiarabu. Hizi za shule aliziona siku zote zimesimama moja moja kama watu walionuniana. Sasa zilikuwa zimeshikana mikono kama zake.

Zuena mwandiko ulimkatika. Kila herufi aliinua chaki, akaanza upya. Bibi akaushika ule mkono mdogo ndani ya mkono wake.

"Usiinue, mjukuu wangu. Uteleze tu. Hivyo hivyo, mpaka mwisho."

Wakaandika kinu, wakaandika mtungi, wakaandika mlango wa mbele na wa ghala. Jioni hiyo bibi alikaa uani akaitazama nyumba yake na kifua kimemjaa. Aliyesoma kilichoandikwa ni Zuena peke yake, na naye alikuwa akisoma kwa kukumbuka.

Baada ya wiki moja watu wa doria waliingia kwa Mfaume, nyumba ya tatu kutoka hapo, wakatoka na juya lake. Kijiji kikaulizana: nani kasema? Wakaanza kukumbuka. Mwalimu mpya hupakiwa kwenye pikipiki ya Audax, na Audax ni mtu wa Hifadhi. Wakiwa wawili husema kikwao. Na mtoto wa Mfaume yuko darasa la kwanza.

Jicho la kushoto la Bi Kijakazi likafunguka lote. Akamwita Zuena, mwiko wa ugali ukiwa mkononi.

"Mwalimu wenu huwauliza nini?"

"Hutuuliza nyumbani kuna nini, bibi."

"Ala! Nawe ulimtajia nini?"

"Kinu. Mtungi. Mlango."

"Hukumtajia la babako?"

Zuena akautazama mwiko, akatikisa kichwa.

Bibi akavikusanya vikaratasi vyote, akavitia jikoni, akakaa mpaka vikawa majivu. Kesho yake Zuena hakwenda shule, na kesho kutwa vilevile. Mtoto alilia. Bibi naye moyo ulimuuma, lakini kikulacho ki nguoni mwako, na yeye hakuwa tayari kuliwa.

Siku ya tatu pikipiki ikanguruma nje.

"Hodi! Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibuni."

Ni mwalimu, na nyuma yake Audax akivua kofia ngumu. Shamte alikuwa Kilindoni. Bi Kijakazi akatandika mkeka, akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa vile vikaratasi kuungua.

"Nimekuja kumwona Zuena," akasema mwalimu. "Siku tatu hatujamwona."

"Homa."

Homa yenyewe ilikuwa inachungulia mlangoni, imesimama kwa miguu yote miwili. Mwalimu hakubisha. Macho yake yalizunguka ua mara moja, na Bi Kijakazi aliyaona yakizunguka. Ghafla mwalimu akaondoka alipokuwa, akauvuka mkeka bila kukaa, akaenda kuegemea mlango wa ghala.

"Kaa, mwalimu."

"Nashukuru, bibi. Hapa panatosha."

Hasira zikampanda Bi Kijakazi. Mgeni gani anakataa mkeka? Kisha akaelewa, au alidhani ameelewa: huyu anaziba mlango ili mwenzake apekue.

Audax alikuwa akizunguka uani akicheka. "Nyumba imeandikwa yote! Kinu. Mtungi. Mlango. Kaandika mtoto huyu? Mwandiko umetulia kunishinda mimi." Akawa anakaribia ghala. "Na hapo nyuma yako, mwalimu?"

"Mlango," akasema Cresensia, akajisugua pale pale kama mtu anayewashwa mgongo. "Twende, Audax. Mtoto anaumwa, tusimchoshe."

Walipoaga, mwalimu alitangulia. Gauni lake la buluu lilikuwa na doa kubwa jeupe la chaki, kutoka begani mpaka kiunoni. Bi Kijakazi nusura acheke. Nadhifu wa mjini, na achafuke. Ndipo akageuka kuutazama mlango wa ghala, akaona herufi zake hazipo. Lilibaki vumbi tu.

"Zuena. Hapa tuliandika mlango, siyo?"

Mtoto akarudi nyuma hatua mbili. "Mlango ni ule wa mbele, bibi. Hapa tuliandika juya. Si limo ndani?"

Bi Kijakazi akakaa kwenye mkeka aliomtandikia mwalimu. Aliukumbuka mkono ule mdogo ndani ya wake. Usiinue. Mpaka mwisho. Aibu ilimshika mpaka akajifunika kanga usoni, na machozi yakamtoka.

Shamte aliporudi alilikuta juya limetupwa katikati ya ua.

"Lipeleke Hifadhi ulisalimishe, au ulichome," mama yake akamwambia. "Hapa halilali."

"Kuna nini, mama?"

"Lete sabuni kwanza. Kuna gauni la mtu nataka kwenda kuliomba nilifue."