Maharage Yaliyotaka Kupanda Ndege

Najua mtanicheka, nanyi chekeni tu, maana siku ile pale posta ya Ngara walinicheka watu wengi kuliko ninyi na bado nipo.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Dada mmoja wa Kizungu aliyewahi kufanya kazi kambini alikuwa amerudi kwao Ulaya, akawa anauza vikapu vyetu kwenye mtandao, na mteja wake wa kwanza akataka sita vya harusi, vifike ndani ya wiki tatu, la sivyo anunue kwingine. Vyetu, yaani vyangu na vya Konsolata, Mrundi aliyenifundisha kusuka vifuniko vilivyochongoka. Yeye hakuruhusiwa kutoka kambini, kwa hiyo kutuma kulikuwa juu yangu, na njia zote tulizijadili: meli ni rahisi, lakini vingefika bibi harusi ameshazaa, kumpa dereva wa mashirika ya misaada ni bure, ila mzigo ukipotea utamuuliza nani? Tukachagua ndege, ambayo inalipisha kwa kilo. Nikavipima kwenye mizani ya mnunuzi wa kahawa kule Murusagamba, nikabeba nauli ya uzito ule ule, si zaidi.

Sasa asubuhi, nafunga mzigo, nikaona aibu. Kwetu kikapu hakimwendei mtu kikiwa kitupu, tena bibi harusi! Nikatia maharage kidogo katika kila kimoja (kidogo cha mkono wangu, na mikono yangu mnaiona), nikashona gunia.

Posta, karani akauliza ndani kuna nini.

"Vikapu."

"Hakuna nafaka wala mbegu?"

"Hakuna kabisa!" nikajibu kwa sauti ya kwaya, na wala sikuona kama nadanganya, kwa sababu zawadi nani anaihesabu kuwa mzigo?

Mizani ikapanda, ikapanda. Karani akanitazama. "Mama, hivi vikapu umesuka kwa nondo?"

Foleni ikacheka, nami nikapandwa na hasira, nikalinyakua gunia juu juu nionyeshe lilivyo jepesi, uzi ukakatika, vikapu vikaruka huku na vifuniko kule, na maharage yakamwagika posta nzima. Mzee Rashidi, muuza vitambaa aliyekuwa kwenye foleni, akakanyaga, akateleza, akakaa chini na kanzu yake nyeupe.

"Shikamoo, mzee," nikasema (ningesema nini kingine?).

"Marahaba," akajibu akiwa pale pale sakafuni. "Kwani mwanangu, huko Ulaya kuna njaa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nikamkumbuka Konsolata kule kambini, nikapiga magoti, nikazoa maharage kwa kitenge, foleni ile ile iliyonicheka ikanisaidia, nikaomba sindano, nikashona upya. Safari hii mizani ikasimama pale pale iliposimama Murusagamba. Nikalipa, nikatoka kichwa juu, na vumbi magotini.

Tangu siku hiyo napima baada ya kushona, si kabla, na nikiulizwa kuna nini ndani, nataja mpaka punje.

Wiki chache baadaye barua ya mtandao ya yule dada ikaja: vilifika siku mbili kabla ya harusi, na sasa wanataka ishirini! Halafu bibi harusi anauliza, chini ya kifuniko kimoja amekuta haragwe moja, ni la nini?

Nikampelekea Konsolata habari. Alicheka mpaka akalia.

"Mwambie," akasema, "hatukumtumia kikapu kitupu."